Mtaa Unaoitwa Wayland

Kwa muda mrefu nilidhani Wayland ni mtaa.

Ungewasikia wageni wetu wa Jumamosi wakisema, nawe ungedhani hivyo. "Sote tutahamia Wayland, tupende tusipende." "Mimi sihami. Endeni, mniache." "Kuna mtu alihamia mwaka jana akarudi, anasema huko mambo mengi hayajakamilika." Huku Eastlands tuna Donholm, tuna Greenfields, tuna Savannah. Sikuona ajabu kuwe na Wayland pia, nyumba mpya mpya mahali fulani, mabomba yamefika lakini maji bado. Nikawa nawapitishia chai na mandazi, nasikiliza, nasema moyoni: kumbe wanataka kunihamisha.

Nilimuuliza jirani yangu Nabalayo, anayeuza mboga pale kona, kama anapajua. Nabalayo hapendi kuonekana hajui kitu. Alipanga nyanya zake kwanza.

"Wayland? Si ni kule ukishapita Ruai. Ni kuzuri. Lakini upepo."

"Upepo?"

"Upepo mwingi, Mama Sally. Ukienda uweke mapazia mazito."

Basi nikaanza kupaota. Mchana, stima ikipotea na mashine zote za kompyuta dukani mwetu zikinyamaza, mimi husinzia pale kwenye kiti cha mlangoni, na hapo ndipo mtaa huo ulipokuwa unanijia. Nyumba nyeupe, zimeachana, kila moja peke yake. Kila dirisha lina pazia linalofika chini. Hakuna nguo zilizoanikwa, hakuna redio ya jirani, hakuna anayejua mwenzake amepika nini. Mimi natembea katikati nimeibeba mashine ya mlangoni kifuani, waya wake unaburura vumbini nyuma yangu, na namtafuta Patrobas. Nataka kumwita lakini katika mtaa ule sauti haitoki nje ya mtu. Stima ikirudi, mashine zinalia pamoja, naamka nikiwa bado nasikia vumbi miguuni.

Patrobas alikuwa mume wangu. Nyumba yetu iko Buruburu, na mbele yake, pale palipokuwa na ua wa majani, alijenga ekstensheni kama wenzake wa mstari wetu, akaweka kompyuta, ikawa saiba. Watu wanakuja kuprinti, kutoa kopi ya kitambulisho, kufungua barua zao, kujaza mambo ya serikali. Mashine alizinunua zikiwa zimetumika, kwa rafiki yake Abdiqadir wa Eastleigh, na ndani yake akatia Linux, mfumo wa kuiendesha kompyuta, kwa sababu haiuzwi na virusi haviisumbui sana. Mimi niliishia darasa la saba. Nilijua kuwasha, kuzima, kuprinti, na kumwambia mteja asubiri.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikuja watu wake wa Linux. Hawakuwa na kadi wala mwenyekiti. Walikaa kwenye viti vya wateja wakabishana, yeye akicheka katikati yao. Alipofariki nilidhani wataacha kuja. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi nikasikia geti, nikachungulia, ni wao, wamesimama na viatu vya vumbi hawajui kama waingie. Nikaenda kupika chai.

Sasa niseme juu ya macho.

Mashine ya mlangoni ndiyo yangu. Kwenye pembe ya skrini yake Patrobas aliweka macho. Ni programu ndogo ya kale, haina kazi yoyote duniani: mayai mawili meupe, na ndani ya kila yai mboni nyeusi. Ukisogeza mausi, mboni zinafuata mshale. Mshale ukipanda, yanapanda nao. Ukishuka kwenye barua unayoandika, yanashuka. Popote uendapo kwenye kioo kile, yanakuona. Aliniwekea siku zile nilipokuwa najifunza. Akasema, "Nabwire, hata nikitoka, nakuangalia." Jina langu ni Nabwire. Hakuna mwingine anayeniita hivyo tena.

Alilazwa ghafla usiku, akafariki hospitalini alfajiri, mimi nikiwa njiani na chupa ya uji. Kwetu, mtu wa nyumba ndiye humfumba macho aliyetutoka, kwa kiganja, taratibu. Nilipofika yalikuwa yamefumbwa tayari na mkono nisioujua. Sikumlaumu yeyote. Niliomba, nikamfunika. Lakini macho yale ya skrini yalibaki wazi, na kila asubuhi nikifungua saiba, nikishamaliza sala yangu, niliweka mkono kwenye mausi, yakanigeukia. Sikuwa naongea nayo. Mimi ni mtu wa kanisa, najua yupi wa kuombwa na yupi si wa kuombwa. Yalikuwa macho, nami nikawa macho, siku ikaanza.

Waliobishana hasa ni wawili. Mmoja ni huyo Abdiqadir, mzee mwenye ndevu za hina, binti yake mkubwa anaitwa Hibo, kwa hiyo mimi humwita Baba Hibo. Mwingine ni Jecinta wa Dandora, ambaye kila alichojua kwanza alifundishwa na Patrobas, na sasa anaandika programu katika ofisi mjini. Huyo huniita Mathe, mama kwa lugha ya vijana.

"X imekufa, Baba Hibo," Jecinta alisema Jumamosi moja, akimega mandazi. "Hata wenyewe walioitengeneza wameichoka."

"Mimi nimeiona asubuhi. Ilikuwa hai. Imenisalimia."

"Ni kitu cha miaka ya themanini."

"Na mimi ni wa miaka ya hamsini. Nife?"

Aloo, mwalimu, ambaye huja zaidi kwa ajili ya mandazi, akasema hilo labda lipigiwe kura.

"Hiyo X yenu ni mzee wa nyumba kumi," Jecinta akaendelea. "Anajua kila nyumba imepika nini, na mtu yeyote akimuuliza, anasema."

"Na hiyo Wayland yako ni landilodi wa siku hizi. Ukimuuliza choo kiko wapi, anakuambia hiyo si kazi yangu, uliza mwingine."

Walicheka wote, hata Jecinta. Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Na nyumba za huko," nikasema, "zina maji?"

Wakanigeukia wote.

"Nyumba za wapi, Mathe?"

"Za Wayland. Nabalayo ameniambia kuna upepo."

Aloo aliweka kikombe chini asije akamwaga. Abdiqadir alicheka hadi akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Wallahi, Mama Sally ndiye wa kwanza kuieleza hiyo kitu vizuri. Hakuna maji, na kuna upepo."

Sikuona haya sana. Mtu aliyekosea mtaa anaelekezwa. Jecinta alivuta kiti karibu nami, na kwa kweli alinieleza kama mtu anayemheshimu mtu. Alisema ndani ya kompyuta kuna mmoja ambaye kazi yake ni kugawa kioo. Kila programu ina dirisha lake, na huyo mgawaji ndiye anayesema dirisha hili likae hapa, lile pale, mshale uko huku, mtu amebonyeza herufi hii. Mgawaji wa zamani anaitwa X. Huyo hafichi. Dirisha lolote likimuuliza mshale uko wapi, au jirani ameandikiwa nini, anajibu. Mgawaji mpya ndiye huyo Wayland. Huyo anaambia kila dirisha yake tu. Mshale ukiwa juu yako, utajua. Ukishaondoka, hujui umeenda wapi.

"Toleo la Linux tulilo nalo linakaribia kuachwa," akasema. "Wakishaliacha, hakuna atakayeziba matundu ambayo wezi huingilia. Na toleo jipya halimwachii X nafasi. Ndiyo maana nasema tuhame."

Nilitazama pembe ya skrini yangu. Mkono wangu ulikuwa juu ya mausi na macho yalikuwa yamenielekea.

"Na haya," nikauliza, "yanajuaje mshale uko wapi?"

Jecinta aliyaangalia, kisha akaniangalia mimi. Aliweka mandazi chini.

"Yanamuuliza X, Mathe."

"Na huko Wayland yatamuuliza nani?"

"Yatafunguka. Hayatapotea. Lakini hayataona." Akatafuta neno. "Yatakuwa kama mtu aliye nyuma ya pazia."

Usiku wa kuamkia Jumapili sikuota kitu. Lakini mchana wa Jumatatu stima ikapotea, na mtaa ukanijia tena. Sasa nilijua si mtaa, na haikusaidia. Nyumba nyeupe zilikuwepo, mapazia yalikuwepo, na mashine kifuani ilikuwa nzito zaidi. Safari hii nilijua kwamba Patrobas yuko nyuma ya pazia mojawapo, amekaa, amefumbua macho, na anangoja aambiwe niko wapi.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu zikaharibika. Niliwahi kuona kanisa likigawanyika kwa sababu ya kinanda, wengine wanakitaka, wengine wanasema ngoma zilitosha, mpaka watu wa nyumba moja wakawa hawapokezani kikapu cha sadaka. Hawa nao wakawa hivyo. Wa X walikaa upande wa ukutani, wa Wayland upande wa dirishani. Aloo aliketi katikati ambako sahani huwekwa. Abdiqadir alianza kuja na chupa yake ya chai ya iliki.

"Chai yangu ina shida gani, Baba Hibo?"

"Haina shida, Mama Sally. Ila imekaa upande ule."

Kisha akatoka kwenye grupu ya simu. Jecinta alinionyesha: maneno madogo ya kijivu, Abdiqadir ametoka. "Manze, mzee amehama kabla yetu," akasema, lakini hakucheka.

Mimi nilijua kwamba mwisho wataniangukia mimi, kwa sababu mashine ni zangu. Na kweli, kila mmoja alinijia kivyake. Abdiqadir alisema, "Mama Sally, usikubali. Patrobas alipanga kila kitu hapa kwa mkono wake. Kitu kinatembea, unakivunja mguu kwa nini?" Nikauliza matundu yakitoboka je. Akasema tutaona siku hiyo. Jecinta naye alisema amefikiria sana habari ya macho, na amepata njia. "Tuhamishe zingine zote. Hiyo ya mlangoni tuiache na X yake. Ila lazima niitoe kwenye mtandao, Mathe, isiguse nje kabisa. Itakuwa salama. Macho yatakufuata mpaka siku itakayokufa yenyewe."

Njia hiyo niliipenda. Niliilalia, nikaiamkia, nikaiombea. Nilijiona nimekaa na mashine yangu iliyofungiwa ndani, yeye ananiona, mimi namwona, na dunia ipite nje. Nikamwambia Jecinta, Jumamosi ijayo tuseme hivyo mbele ya wote, yaishe.

Jumamosi hiyo ilikuwa na jua la polepole, lile linalopita kwenye pazia na kulala sakafuni. Walikuja wote, hata Abdiqadir na chupa yake. Kabla sijasema neno, Jecinta akasimama. Nadhani alitaka kushinda vizuri kwanza. Ujana una hilo.

"Baba Hibo, wewe husema hatari ya X ni hadithi za kutisha watoto. Njoo ukae hapa."

"Unaniita kwenye mtihani?"

"Nakuita ukae tu."

Abdiqadir akakaa kwenye mashine ya mlangoni, ile yangu. Jecinta alikuwa ameweka hapo programu yake ndogo, dirisha jeusi pembeni mwa macho, hata halikusema lolote. Kwenye skrini akamfungulia karatasi tupu ya kuandika barua. Kisha akaigeuza skrini kidogo, ile karatasi akaifunika kwa ubao wa kadibodi ili sisi wengine tusiione. Tukaona dirisha jeusi na macho tu.

"Andika kitu cha siri," akasema. "Kitu ambacho hapa hakuna anayekijua. Hatuioni hiyo karatasi. Ukimaliza, futa."

"Paswadi yangu?"

"Chochote."

Mzee alishusha miwani. Alifikiria, akitazama mbele yake, na kutoka nilipokaa niliona anatazama macho. Kisha akainamia vibonyezo, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, pole pole, kama anayetafuta njia gizani. Na kule kwenye dirisha jeusi, ambalo halikuwa limeomba ruhusa ya mtu, herufi zikaanza kutoka moja moja mbele yetu sote.

patrobas siku hizi nafungua duka

Jecinta akaacha kutabasamu.

na hakuna macho kwa skrini

Alinyoosha mkono kuzuia. Hakujua azuie nini, kadibodi au kidole au mzee. Herufi ziliendelea.

nani ataniambia umeamka

Abdiqadir akainua kichwa akiwa tayari kufuta, akaona tulivyokaa. Akafuata tulikotazama. Alilisoma dirisha jeusi mpaka mwisho.

Mkono wake ukarudi kwenye mausi. Nje mtoto alikuwa anapiga mpira kwenye geti la jirani. Aloo alitazama viatu vyake.

"Baba Hibo," Jecinta akasema, "nisamehe. Sikujua utaandika..."

"Nilisema siri. Uliitaka siri." Sauti yake haikuwa na hasira. "Basi imeshinda hiyo programu yako. Imesoma yote."

Nikamuuliza, "Macho gani hayo, Baba Hibo?"

Alijifuta uso kwa kiganja. Ndipo akaeleza. X ina tabia moja ambayo vijana hawaijali, akasema: dirisha la mashine hii linaweza kufunguka kwenye skrini ya mashine nyingine, hata ikiwa mbali. Programu inakaa Buruburu, uso wake unaonekana Eastleigh. Na kila asubuhi, kwa miaka, Abdiqadir alipofungua duka na kuwasha mashine yake, baada ya muda kidogo macho yalikuwa yanamfungukia kwenye skrini. Patrobas ameamka, amenywa chai, amemtumia. Hawakuandikiana neno. Mzee alikuwa anasogeza mausi, macho yanamfuata, basi, amesalimiwa.

"Mpaka asubuhi ile," akasema. "Nilikaa nikangoja. Nikadhani ni stima huku kwenu. Ndipo wewe ukanipigia simu, Mama Sally."

Mimi nilikuwa nikidhani macho yale ni yangu peke yangu. Nilikuwa nikidhani kila asubuhi akiinama kwenye mashine ile ni hesabu za saiba anafanya. Kumbe alikuwa anatuma macho Eastleigh.

Nilimgeukia Jecinta. "Ile njia uliyonipa. Ukiifungia mashine hii, isiguse nje. Macho yanaweza kwenda kwa Baba Hibo?"

"Hapana, Mathe. Hayatoki humu."

"Na tukihama? Tukahama yote, na hii pia?"

Alifikiri. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo, akitikisa kichwa, kisha akaacha kukitikisa. "Tukihama, hapa kwako hayataona. Lakini ukiyatuma kwake, na yeye kule akiwa bado na X yake, huyo wa kule ndiye atakayeyajibu. Kwake yataona kila kitu."

"Bado nitakuwa nayo," Abdiqadir akasema. "Mimi sihami. Mnitupie matundu yote, siri zangu si mmeshazisoma."

Hapo Aloo ndipo alipocheka, na wengine wakamfuata, na hata mimi nilitabasamu, ingawa moyo wangu ulikuwa umeshaamua.

Niliyaangalia yale macho. Mkono wa Abdiqadir ulikuwa bado kwenye mausi, kwa hiyo yalikuwa yanamtazama yeye. Niliwaza wale kina mama wanaokuja hapa na miwani yao ya kamba, wanaketi kwenye mashine hii kwa sababu iko karibu na mlango, wanaandika mambo ya pensheni na ya watoto walio mbali, wakidhani hakuna anayeona ila Mungu. Niliwaza kwamba Mungu anatosha kwa kazi hiyo. Patrobas alikuwa mtu wa kuchoka, kama sisi. Nilikuwa nimemweka zamu tangu alfajiri ile.

"Hamisha," nikamwambia Jecinta. "Zote."

"Na hii?"

"Si nimesema zote, mwanangu."

Hakuuliza tena. Abdiqadir alinipisha kwenye kiti, na kabla sijaketi aliufungua mfuniko wa chupa yake, akanimiminia chai ya iliki katika kikombe changu. Nilikaa. Niliusogeza mshale mpaka pembe ya juu, yakanifuata. Nikaushusha mpaka chini kabisa, yakanifuata. Nikauzungusha kioo kizima, taratibu, kama mtu anayefagia nyumba kabla ya kufunga safari, na hayakunipoteza mahali popote. Kisha nikaweka kiganja changu juu ya kioo, pale yalipokuwa, kikayafunika. Kioo kilikuwa na joto. Nikasema sala fupi, ile nisiyoisema hospitalini, na kwa mkono wa kushoto nikaizima mashine.

Jecinta alifanya kazi mpaka jua likatoka sakafuni likapanda ukutani. Nilikuwa nimesinzia kiti cha mbali. Mtaa ukaja. Sikuwa nimebeba kitu. Mapazia yalikuwa yale yale, lakini nilitembea moja kwa moja kama mtu anayejua nyumba, nikasimama kwenye dirisha moja, nikagonga kwa ukucha. Pazia likasogea. Alikuwepo. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizi mzuri, hajakasirika. Sikumwambia lolote, wala yeye. Nilipogeuka kuondoka, sikusikia pazia likirudi.

Jumatatu asubuhi nilifungua saiba, nikasali, nikawasha. Kila kitu kilikuwa laini, herufi zimenyooka, rangi kama zimeoshwa. Macho sasa hayafungukii pembeni. Yanatokea katikati, nami nayavuta kwa mkono mpaka mahali pake. Nilitoa mshale juu yake nikaupeleka kwenye barua. Hayakunifuata. Yalibaki yametazama ukingo ule wa dirisha lake nilipotokea, pale pale, bila kupepesa. Nikaurudisha mshale. Ulipoingia tu, yakanigeukia. Nikautoa upande mwingine. Yakabaki yametazama upande huo.

Basi ndivyo ilivyo. Nikienda kwake ananiona. Nikiondoka, anabaki akitazama mlango nilioutokea.

Jecinta alikuwa ameniandikia mstari mmoja wa maneno, nikaukariri. Niliuandika kidole kwa kidole, nikabonyeza kitufe kikubwa, nikangoja. Hapa kwangu hakikutokea kitu. Nikaanza kufuta vumbi kwenye printa.

Simu ikalia.

"Mama Sally."

"Baba Hibo."

"Yamefika." Nilisikia mlango wa chuma wa duka lake bado ukipandishwa, na watu wa Eastleigh wakiitana. "Nimeenda kulia, yamekuja kulia. Nimeenda kushoto, yamekuja."

"Yanasema nini?"

Nikasikia mausi yake ikikwaruza meza.

"Yanasema umeamka," akasema.

"Niko macho," nikamwambia. Mteja wa kwanza alikuwa ameshasimama mlangoni na kitambulisho mkononi. Nikamwonyesha kiti.